Walimumwagia binti yangu poudre juu ya tension 16: naandika na majina

Wakuu, salamu zenu zote.

Mimi niko Kisangani. Courant, umeme, imekatika tangu asubuhi, nina kidogo tu mu simu, kwa hiyo sitazunguka sana.

Hii ninayoandika sikuambiwa na mutu. Moyo yangu ilishataka kusimama mara moja, na mutu mwenye moyo ya namna ile hana nguvu ya kubeba uongo. Uongo iko nzito.

Nilisoma mpaka ya tano primaire. Mwenye kutaka kusahihisha Kiswahili yangu asahihishe, lakini amalize kwanza kusoma.

Na ninyi ma-modérateurs, naomba musipeleke hii uzi kule kwa vichekesho. Najua watu watacheka. Hata mimi nachekaka. Kisha nakumbuka, nakasirika upya.

Bon.

Ku quartier wananiita papa Mwamini, juu ya binti yangu wa kwanza. Zamani nilikuwa mutu wa toleka, ile baisikeli ya kubeba watu. Miguu yangu ilikuwa kama miti. Sasa nakaa tu ku kiti, natengeneza baisikeli ya wengine.

Kilichonikalisha ni hii.

Siku moja nilikuwa nimebeba mama mumoja wa samaki. Mali yake ilikuwa imefika na pirogue, mutumbwi, kutoka Isangi, yeye iko nyuma yangu, beseni ku magoti. Tunapanda kilima mbele kidogo ya daraja ya Tshopo. Kifua ikanikamata, kama mutu munene amenikalia. Mukono ya kushoto ikakufa.

Nikaanguka. Baisikeli ikaanguka. Samaki ikaanguka.

Yule mama akasimama juu yangu, anaangalia samaki yake mu mavumbi, anaangalia mimi. Akasema: "Papa, unaangukia hapa namna gani? Nilikuambia mpaka soko!"

Simuweki mu orodha ya wakosaji. Yeye angalau alisema ukweli. Tulipatana soko.

Wakosaji ni watu wa kwangu. Walinipeleka nyumbani, hapana ku hôpital. Shemeki yangu Shabani, kaka ya bibi yangu, anayepiga trompette mu fanfare, ile bendi ya barabarani (shikeni hii jina, itarudi), akaitisha mukutano ya familia kutafuta nani amekula moyo yangu. Mukutano ilifanyika mimi nikiwa nimelala katikati, watu wamekaa pembeni kama wanangoja nipakuliwe.

Wakamuona mukosaji: shangazi yangu wa Yahuma, ambaye hajaniona tangu nilipokuwa sina meno. Wakaanza kuuliza nani ataenda mpaka Yahuma kumuomba arudishe moyo ya watu.

Jirani mumoja mwenye pikipiki njo aliniokoa. Hakuuliza kitu. Alinifunga na kitenge ku mugongo wake kama mutoto, akaniendesha ku hôpital.

Kule muganga akaniambia: "Papa, tension yako, ile presha ya damu, imefika makumi mbili, na iko na wewe tangu ujana. Hakuna mutu alikupimaka?"

Hakuna. Na baba yangu vilevile. Yeye alikufa akiwa mezani, ndizi ingali mu mukono, anamaliza kucheka.

Muganga akasema neno moja ambayo sikuisahau: "Hii kitu inatembeaka mu familia. Watoto wako wapimwe wangali wadogo."

Kwa hiyo muelewe, wakuu. Mwaka ambayo Docteur Aline alifika ku shule ya Mwamini na watu wake, kuomba kupima moyo ya vijana wote wa secondaire, mimi njo nilikuwa wa kwanza kukaa ku mukutano ya wazazi. Niliingia mbele hata ya viti.

Huyu Docteur Aline iko mudogo, sauti yake ndogo. Akaeleza vizuri kabisa: tutapima tension, uzito, tutasikiliza moyo, tutauliza nani mu familia alianguka au alikufa ghafla. Ugonjwa ya moyo, anasema, inaanzaka kimya mutoto angali anaruka kamba. Ukiikamata mapema, unaikamata.

Nani aliitikia? Mimi tu.

Mama mumoja akasema hii ni ujanja ya kutafuta damu. Papa mumoja akasema ugonjwa ya moyo ni ya ma-patron wenye viyoyozi, sisi wa hapa Mangobo tutaitoa wapi. Mwingine akasema moyo ya mutoto haina kazi, iko ya kupenda na kukimbia tu, munapima nini?

Watu wakaanza kusimama, wanakunguta viti.

Hapo njo anaingia mukosaji wa kwanza. Andikeni: Préfet Bolengu, mukubwa wa shule. Huyu mutu hakuachaka micro, ile kipaza sauti. Hata ku matanga anakuwaka na micro, na marehemu si wake.

Akanyakua micro kwa Docteur, akasema: "Wazazi! Hii ni épreuve, mutihani kama mitihani zingine. Kila mutoto atapata points yake!"

Waliokuwa wamesimama wakakaa.

"Ya ngapi, Préfet?" mama mumoja akauliza.

"Ya makumi mbili, kama kawaida."

Wakuu, mikono yote ikapanda. Hata yule wa damu. Docteur Aline alifungua kinywa, lakini micro haikurudi kwake tena. Ilizimwa, ikakunjwa, ikawekwa mu sanduku.

Kwa wale musiojua kwetu, naeleza: hapa points, alama za shule mpaka ishirini, ni maisha. Mutoto akipata muzuri, jina yake inasomwa mbele ya watu wote, njo tunaita proclamation. Wanamumwagia poudre, poda nyeupe, ku kichwa mpaka anafanana na andazi ya unga. Fanfare inapiga, mama anatandika kitenge chini mutoto akanyage. Akipata mubaya, familia inapita njia ya nyuma.

Na juu tension kwetu inaandikwaka fupi, mia moja na ishirini ni kumi na mbili, watu waliiona kama points. Kwa hiyo wakaanza kusoma tension.

Mutu fulani iko na binamu anayelinda mulango ya hôpital. Yule binamu akasema siri: kinachopandisha points ni chumvi, kahawa ya nguvu na kukimbia. Basi. Makayabu, ile samaki ya chumvi, ambayo kila mutu analowekaka mu maji kutoa chumvi, wakaanza kuwapikia watoto vile vile, bila kuloweka. Soko nzima makayabu ikaisha. Mwalimu wa gymnastique akafungua cours ya jioni: kupanda na kushuka ngazi.

Mutoto wa jirani yangu alikuwa anakunywa kahawa asubuhi na mamake anamushikilia daftari mbele. Sijui daftari ya nini. Ni mazoea.

Ku nyumba yangu, Shabani akafika na makayabu chini ya kwapa.

Nikamuambia: "Shemeki, hapa hakuna chumvi. Muganga alinikataza mimi, na huyu mutoto ni damu yangu."

Akanicheka. "Shemeki, wewe usiwe na ubinafsi! Wewe mwenyewe ulipata makumi mbili ku hôpital, na mutu hakukufundisha. Familia yetu iko na akili ya hii kitu. Muache mutoto apande."

"Makumi mbili yangu ilitaka kuniua!"

"Na ulikufa?"

Bibi yangu akacheka. Nikarudi ku baisikeli nilizokuwa natengeneza, juu nikisema sana kifua inanibana.

Siku ya kupima nilikaa ku kivuli ya ukuta, naangalia. Docteur Aline alisema kila mutoto akae chini kwanza, apumzike, asiongee. Yeye anaangalia mulangoni, anaona watoto wanafika wakivuja jasho, wanazunguka uwanja mbio kama mbwa amewafuata.

Akauliza: "Watoto, juu ya nini munakimbia?"

"Révision, Docteur! Tunajitayarisha kwa mutihani!"

Akawakalisha. Wakaanza kulia kwamba anawapoza makusudi ili wafeli. Wazazi wakapiga kelele ku dirisha: "Muwapime wangali moto!"

Mwamini wangu aliingia kimya kama kawaida yake. Huyu mutoto haongeaki sana. Iko na miaka kumi na tano, anasoma hata karatasi ya kufungia karanga. Akakaa, akanyoosha mukono, ile kitambaa ikafinya. Nikaona Docteur Aline anapima mara ya pili. Kisha ya tatu. Kisha akainua macho, anatafuta muzazi wake ni nani.

Nilinyanyua mukono. Lakini Préfet alikuwa amesimama katikati yetu, anapanga mustari na sauti.

Baadaye nilikuja kujua: Docteur alimuomba Préfet aite kimya kimya, mumoja mumoja, wazazi wa watoto wenye tension juu, waende hôpital ile juma. Préfet akamujibu: "Docteur, ku shule yangu résultat iko na njia moja tu."

Jumamosi ikawa proclamation.

Bâche mbili, turubai za kivuli. Viti ya plastiki. Fanfare ya Shabani, suruali nyeupe, mustari mwekundu ku muguu. Mufanya biashara mumoja wa makayabu njo alikuwa amelipia sherehe, kwa shukrani, juu soko yake haijawahi kuwa vile.

Préfet akaanza na wa chini. Tisa! Mama wa ule mutoto akajifunika kitenge ku kichwa, akalia. Kumi! Ule msichana wa kumi akaanguka kizunguzungu, watu wakasema ni haya.

Kumi na moja wakawa wengi, watoto wazima kabisa, wenye moyo ya kupiga kama saa. Wakasimamishwa pembeni kama wezi. Papa mumoja akaruka: "Huyu wangu ku nyumba alikuwa na kumi na nne! Mumemuibia! Mulete ule mashine hapa!"

Kumi na tatu, makofi. Kumi na nne, makofi na vigelegele.

Kisha Préfet akanyamaza. Anajua kunyamaza yule, anajua sana. Akameza mate mu micro.

"Na wa kwanza wa shule nzima... kumi na sita... distinction... Mwamini!"

Fanfare ikapasuka.

Wakuu, mimi nilisikia ile 16 na nikaona baba yangu na ndizi mu mukono.

Wanawake wakamukimbilia mutoto. Poudre ikatoka, boîte nzima, kopo kabisa, ikamwagwa ku kichwa yake, ku nguo, ku macho. Vitenge chini. Mwamini ananitafuta na macho mu ile ukungu nyeupe. Préfet akamukabidhi prix, zawadi yake. Munajua prix ilikuwa nini? Mufuko ya chumvi. Ule wa makayabu njo alitoa.

Nikapanda mbele. Nikasema: "Muache! Huyu mutoto iko mugonjwa!"

"Papa Mwamini amechanganyikiwa na furaha!" Préfet akasema mu micro. Watu wakanishangilia. Mama mumoja akasema papa pia anastahili, ni mbegu yake, akanimwagia boîte ya pili. Ikaniingia mu kinywa. Kila nikijaribu kusema neno, inatoka moshi.

Nyuma nikasikia mwingine anasema: "Anamuonea binti yake wivu. Ni ndoki huyu, muchawi. Kwani ule moyo yake ilikulwa na nani?"

Nilitaka kukasirika, lakini kifua ikaniambia: angalia. Ukianguka hapa, wataitisha mukutano.

Nikafikiri haraka. Mimi nilifanya kazi ya barabara miaka mingi, najua fanfare. Fanfare haiulizaka njia. Inafuataka mutu wa mbele.

Nikamushika Mwamini mukono, nikapandisha ule mufuko ya chumvi juu ya kichwa yangu kama kombe, nikapiga kelele: "Twende tumushukuru Docteur!"

"Ku Docteur!" watu wakaitika.

Tukatoka. Mimi mbele na chumvi, mutoto mweupe pembeni yangu, fanfare nyuma, shule nzima nyuma ya fanfare. Watu wa toleka wanasimama kutupisha. Natembea polepole, naweka mukono moja ku kifua, Shabani anapuliza trompette karibu na sikio yangu. Mwamini akaniuliza chini chini: "Papa, kwani nimefanya nini?"

Nikamujibu: "Hakuna, mama. Tembea polepole."

Tukaingia hôpital na muziki. Wagonjwa wakatoka ku vitanda kucheza.

Docteur Aline akatoka, akaangalia mutoto, akaangalia mufuko ya chumvi, akaangalia Shabani. Alituvuta sisi wawili ndani, akafunga mulango.

Akamupangusa Mwamini uso na kitambaa cha maji. Akamukalisha. Akamuuliza taratibu: "Mwamini, uniambie kweli, sitakasirika. Ulikunywa kahawa mbele ya kupimwa? Ulikula makayabu? Ulikimbia?"

Wakuu, nadhani mimi ni baba wa kwanza hapa duniani kumuomba Mungu mutoto wake awe amedanganya ku examen. Niliomba na ulimi na vidole. Sema ndiyo, mama. Sema ulikula samaki nzima na mifupa.

Mwamini akaangalia chini. "Hapana, Docteur. Makayabu ya tonton Shabani nilimupatia mwenzangu wa kukaa naye ku banc. Mimi sikufanya révision. Nilikuwa nasoma kitabu."

Nikakaa chini sakafuni.

Docteur akangoja muda murefu, muziki ya nje ikachoka. Akapima. Ilikuwa bado juu. Akatuambia turudi tena siku zingine, tukarudi, ilikuwa bado juu. Wakamuwekea zile waya za kusikiliza moyo, wakaangalia mukojo, wakamuangalia kila kitu.

Akanieleza kwa maneno yangu, namushukuru: "Papa, wewe ulikuwa mutu wa toleka. Moyo ya binti yako inapanda kilima kila siku, hata akilala. Imeanza kufanya musuli. Musuli ku muguu ni muzuri. Ku moyo, hapana. Lakini tumeiona mapema. Wewe ulionwa ukiwa chini ku mavumbi. Yeye ameonwa akiwa amesimama."

Hii maneno niliibeba mpaka nyumbani.

Sasa turudi kwa Shabani, juu siwezi kumuacha.

Ile ile siku ya proclamation, tulipotoka, alikuwa anapiga kifua ku uwanja ya hôpital: "Ni damu yetu! Upande ya mama! Munipime na mimi, muone mwalimu!"

Shabani, ukisoma hii uzi, wewe si damu yangu. Kilima ambayo mutoto wangu anapanda ni ya baba yangu. Yako iko yako.

Docteur akamupima. Akamupima tena. Akamuambia iko juu ya makumi mbili.

Shabani akainua trompette apige.

Docteur akamunyang'anya ile trompette mu mikono, akaiweka chini ya meza, akasema: "Papa, lala pale."

Ni pale njo niliona ule mutu amenyamaza kwa mara ya kwanza tangu nilipomuoa dada yake. Amelala, suruali nyeupe, mustari mwekundu, anaangalia juu ku plafond. Akaniita na kidole. Nikakaribia.

"Shemeki," akasema chini chini, "ule shangazi wa Yahuma... hakuwa yeye, hein?"

Nikamuambia: "Lala."

Na Préfet? Musifikiri alijifunza. Docteur alirudi ku shule, akaeleza kwa wote kwamba juu si muzuri. Préfet akaomba radhi, akachukua micro, akatangaza kwamba classement inageuzwa: sasa wa kwanza ni wa chini kabisa! Juma ile ile watoto wakaacha kula, wanatafuta zéro. Docteur Aline akamufuata mu bureau: "Préfet, mwenye zéro ni mutu amekufa!"

Préfet akauliza: "Na tumupatie mention gani, distinction?"

Lakini kuna kitu moja imebaki. Juu ya zile kelele zote, leo hakuna muzazi wa Mangobo asiyejua namba ya mutoto wake. Na walionekana wengine pale, kimya kimya, wenye kuhitaji kufuatwa. Hii nawapa, hata kwa hasira.

Mwamini anakunywa dawa yake kila asubuhi, chumvi tumeiacha, na ule mufuko nilimurudishia mwenyewe wa makayabu ku mulango yake. Miezi ilipita. Juma iliyopita tulienda kupimwa. Docteur akafungua kile kitambaa ku mukono, akacheka, akaniambia ngapi.

Nilikuwa nimeficha boîte ya poudre mu koti. Sikusema kwa mutu.

Tulipofika ku mulango ya hôpital nikamumwagia mutoto wangu yote ku kichwa. Akapiga kelele: "Papa! Nguo!" lakini alikuwa anacheka, meno tu njo inaonekana.

Vijana wa toleka wakasimama. Mumoja akauliza: "Papa, mutoto amepata ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili tu? Ya makumi mbili? Na unamwaga poudre?"

Boîte ilikuwa imeisha. Nikaipiga ku chini, mara mbili, itoe na ile iliyobaki.

Funzo yangu ni fupi, wakuu. Mutoto anaweza kuwa anaruka, anasoma, anacheka, na moyo yake inapanda kilima peke yake. Mupime. Kama mu familia yenu kuna mutu alianguka na ndizi mu mukono, mupime kesho. Na mukimupima mumukalishe chini kwanza, musimukimbize.

Sasa semeni na ninyi. Nani hapa anajua namba ya mutoto wake? Yake mwenyewe je? Na wale wanaotaka kunitukana mukaribie, lakini mbele ya kuandika mukae kidogo, mupumue, muache kahawa.

Shabani, nilikuona jana soko. Rudisha ile makayabu uliyonunua.